Canter ya 4D32 inachoka mlimani, nifunge 4D33 au 4D34 ya turbo?

Mzigo_Njiani

Wakuu habari zenu, naomba mawazo hasa kwa mafundi wa dizeli na nyie wenye malori. Nina Canter yenye injini ya 4D32, ile ya cc 3567 isiyo na turbo (kile kifaa kinachozungushwa na moshi wa eksozi kuisukumia injini hewa zaidi), gia tano, umeme wa volti 24. Ikijaa, gari na mzigo kwa pamoja inafika kama tani 7. Kwenye tambarare haina neno, inatembea vizuri tu, shida ni mlima. Nikiingia mlima mrefu na gia ya tatu spidi inashuka kidogo kidogo mpaka gari inaanza kutetemeka, nikirudisha ya pili inalia sana na inapanda kwa kilomita 25 kwa saa hivi, haizidi hapo hata nikikanyaga mpaka chini. Nyuma yangu foleni, watu wanachoka kusubiri wanaovateki kwenye kona, na hilo ndo linaniuma kuliko kuchelewa kwenyewe maana naona kabisa siku moja mtu atakufa mbele ya macho yangu.

Nimefikiria kubadilisha injini. Mmoja ananiambia chukua 4D33 ya cc 4214, ni kubwa na haina turbo kwahiyo haina mambo mengi. Mwingine anasema 4D34 ya turbo, cc 3907. Kuna aliyeniambia niruke moja kwa moja kwenye komoni reli (dizeli inayopulizwa kwa presha kubwa ikiongozwa na kompyuta), 4M50 ya cc 4899, nisahau milima. Na fundi mmoja anasema tusihangaike, tufunge turbo tu kwenye hii hii niliyonayo. Sasa nimebaki katikati, kila mmoja anaongea kwa uhakika. Mliofanya hii kazi naombeni mniambie ukweli, nini kinaingia bila kukata chasisi, na nini kingine natakiwa kubadilisha ukiachana na injini yenyewe?

Fundi_Pampu

Mkuu kabla hujatafuta injini nyingine naomba kwanza ujue kama hii uliyonayo inakupa nguvu yake yenyewe. Malori mengi yanayoletwa "yabadilishwe injini" yana injini inayoibiwa nguvu na vitu vidogo, ukivirudisha sawa mteja anaondoka na injini yake ile ile akiwa ameridhika.

Anza na moshi. Ukiwa mlimani umekanyaga mwisho, unatoka moshi gani? Kama ni mweusi mzito maana yake dizeli ipo ila hewa haitoshi au nozeli (zinazoingiza dizeli kwenye silinda) zinamwaga badala ya kupuliza. Kama hautoki moshi kabisa na gari ni nzito, dizeli haifiki ya kutosha, hapo angalia filta, angalia mipira ya kutoka tangini kama inavuta hewa, na angalia kitu ambacho watu hawakiangalii, waya wa pedali ya mafuta. Ukikanyaga mpaka chini mwambie mtu achungulie pale kwenye pampu, mkono wa pampu unatakiwa uguse skrubu ya mwisho. Nimekuta malori ambayo waya umelegea na dereva anaendesha robo tatu ya pedali miaka yote akidhani ndo mwisho.

Halafu kuna eksozi breki, inayoziba moshi ili injini isaidie kupunguza mwendo. Ile flapu ndani ya bomba ikipata kutu inaganda nusu imefungwa, injini inakuwa inapumua kwa shida, na dalili yake ni hiyo hiyo, tambarare haisemi kitu ila mlimani inakufa. Fungua uone kama inarudi yote. Gusa na ringi za magurudumu ukimaliza safari, kama moja ni la moto kuliko mengine basi breki inashika. Cheki klachi pia, kama RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) inapanda na gari haipandi, inateleza.

Ukimaliza hayo ndo upime kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, silinda zote nne, injini ikiwa ya moto na ukitumia geji ya dizeli, hizi za petroli hazifai. Tofauti kati ya silinda na silinda ina maana kuliko namba yenyewe. Leta majibu hapa tuongee.

Ah na saizi ya tairi ulizofunga ni ngapi?

Torki_Kwanza

Naongezea kwa mkuu Fundi_Pampu. Mi naona tatizo liko wazi kwenye maelezo yako mwenyewe ila limejificha. Unasema gia ya pili inalia na haizidi 25. Hapo injini haijashindwa, hapo RPM imefika mwisho na gavana ya pampu inakata dizeli. Nguvu imebaki ila gia imeisha. Ukiweka ya tatu RPM inaanguka mpaka kwenye 1800 hivi au chini yake, na pale chini injini haina torki (nguvu ya kuzungusha) ya kubeba tani 7. Kwahiyo wewe uko kwenye shimo kati ya gia ya pili na ya tatu, na unachotafuta ni torki ya chini, farasi wengi wa juu kule kwenye RPM 3500 hawatakusaidia sana.

Twende na hesabu kidogo, haiumi. Chukua mlima wa asilimia 6, yaani kila mita 100 unapanda mita 6. Gari ya tani 7 inavutwa nyuma na mlima kwa kama newtoni 4100, ongeza kama 700 za tairi kubingirika, jumla 4800. Kupanda kwa kilomita 25 kwa saa unahitaji kilowati 33 kwenye tairi. Kupanda kwa 40 unahitaji kilowati 53. Upepo nimeuacha maana kwa spidi hizo ni mdogo. Sasa 4D32 nzima ilitoka kiwandani na nguvu za zaidi ya hizo, hata ukitoa zinazopotea kwenye giaboksi na difu (gia za ekseli ya nyuma). Kwahiyo kama unabaki 25 aidha ni hilo shimo la gia, au injini imechoka, au vyote viwili.

Nguvu kwa kilowati ni torki kwa Nm mara RPM gawanya kwa 9549. Injini inayotoa Nm 230 kwenye RPM 1800 inakupa kilowati 43. Ikitoa Nm 330 kwenye RPM hiyo hiyo inakupa 62. Ndo maana turbo kwa lori ni kitu kingine, inakuongezea pale pale kwenye RPM ambayo dereva anaitumia akiwa amebeba.

Na tairi ni swali zuri sana. Kama gari ilikuja na 7.00-16 na mtu akafunga 7.50-16, gurudumu limekua kama asilimia 4 na nguvu ya kuvuta imepungua kiasi hicho hicho bila injini kuguswa. Kama mnapita milima mirefu kutoka usawa wa bahari, injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 10 kila mita 1000 unazopanda kwasababu hewa inakuwa nyepesi. Ukijumlisha hivi vidogo vidogo unashangaa.

Gereji_Usiku

Wakuu mi nasema afunge turbo tu kwenye hiyo hiyo 4D32. Ni familia moja na 4D34, eksozi manifoldi ya 4D34 inapatikana, turbo inapatikana, unachukua oili kwenye bloku unarudisha kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) kazi imeisha. Nimeona zinatembea. Kubadilisha injini nzima ni kazi ndefu na gari inalala.

Fundi_Pampu

Gereji_Usiku ndugu yangu zinatembea ndio, ila uliza zinatembea kwa muda gani zikiwa na mzigo. Injini ya turbo haijatofautiana na isiyo ya turbo kwa ile konokono ya nje peke yake. Pistoni zake zimetengenezwa kuvumilia joto, kompresheni inapangwa kwa hesabu ya hewa inayosukumwa, na nyingi zina jeti ndogo za oili zinazopuliza chini ya pistoni kuipoza. Pampu yake ina kifaa cha juu kinachosoma presha ya turbo na kuongeza dizeli pale tu hewa inapofika. Ukichukua injini isiyo na hivyo ukaipa turbo na ukafungua skrubu ya dizeli, unapata nguvu kweli, na unapata joto la eksozi ambalo pistoni haikuagizwa kulibeba. Ikipasuka haikupi taarifa.

Ukifunga turbo bila kuongeza dizeli kabisa, hapo hauuwi injini haraka, moshi unapungua, kule juu milimani unarudishiwa hewa iliyopotea, na kwa injini nzima yenye afya inaweza kuwa msaada mzuri. Ila nguvu inayoongezeka ni ndogo. Nguvu ya dizeli inatoka kwenye dizeli, hewa inairuhusu tu iungue. Na kwa injini ambayo haijapimwa kompresheni siwezi kumshauri mtu hivyo, tusubiri majibu yake.

Mzigo_Njiani

Asanteni sana wakuu, nimefanya mlivyosema. Waya wa pedali ulikuwa haufiki mwisho, umekazwa, nimeona tofauti kidogo. Flapu ya eksozi breki iko huru. Breki hazishiki, klachi haitelezi. Tairi kweli ni 7.50-16 na kwenye kibandiko cha mlango imeandikwa 7.00-16, aliyeniuzia alibadilisha. Nozeli zimepelekwa kwenye mashine, mbili zilikuwa zinadondosha, zimewekwa ncha mpya.

Sasa kompresheni, silinda ya kwanza 25, ya pili 24, ya tatu 17, ya nne 24, hizo ni bar. Nikifungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma moshi unapuliza kwa nguvu unatoka kama pumzi. Oili nayo nimekuwa naongeza, ila nilikuwa nadhani ni kawaida ya gari ya umri huu.

Kwahiyo hapa ni kuifungua yote au kubadilisha? Na kama ni kubadilisha bado naomba jibu la 4D33 au 4D34.

Fundi_Pampu

Hiyo 17 imejibu swali lako mkuu. Mwage oili kidogo kwenye silinda ya tatu upime tena, ikipanda ni ringi za pistoni na silivu (ukuta wa silinda), isipopanda ni valvu au gasketi ya hedi. Lakini kwa huo upepo unaotoka juu mi naamini ni ringi. Injini hii ilikuwa inafanya kazi na silinda tatu na nusu ukaibebesha tani 7 na tairi kubwa.

Ukiifungua ukaweka silivu, pistoni, ringi na beringi mpya utarudi kwenye nguvu ya kiwandani ya 4D32 na hapo hapo pengine ungeridhika. Lakini kwasababu injini inatoka kwenye gari kwa vyovyote vile, na wewe unataka zaidi ya ile ya kiwandani, basi ni wakati mzuri wa kubadilisha.

Kati ya hizo mbili, zote ni 4D3, ndugu wa tumbo moja na yako. 4D32 silinda ina upana wa milimita 104 na mwendo wa pistoni 105. 4D33 imetanuliwa mpaka 108 na mwendo 115. 4D34 imebaki na 104 yako ila mwendo ni 115. Ndo maana mauntingi (vishikizo vya injini kwenye chasisi) na belhauzi (kava la klachi linalounga injini na giaboksi) mara nyingi vinakubaliana, ila usiniamini mimi wala mtu yeyote hapa, pima kwa mkono kabla hujalipa, maana hata ndani ya jina moja kuna tofauti za mwaka na soko, sampu inaweza kuwa na tumbo upande usiotaka.

4D33 inakupa kama asilimia 18 ya ujazo zaidi na torki inapanda karibu na hapo. Ni injini ngumu, haina turbo ya kuharibika, dereva yeyote anaiweza. Mtu anayetaka amani namwambia 4D33. Lakini kwa shimo lako la gia ya pili na ya tatu, na kwa milima mirefu, mi ningefunga 4D34 ya turbo na yenye intakula (rejeta ya kupoza hewa ya turbo) kama utaipata. Hewa ikitoka kwenye turbo inaweza kuwa imepita nyuzi 100 za joto, ikipita intakula inapoa, inakuwa nzito, dizeli inaungua vizuri na pistoni zinapumua.

Kitu kimoja nakusihi sana, inunue ikiwa imevaa kila kitu chake. Pampu yake, turbo yake, manifoldi zote mbili, mabomba ya intakula, flaiwili, klachi na presha plate yake, belhauzi, stata, alteneta, braketi za mauntingi, hata mabomba ya maji. Injini ya uchi inaonekana rahisi mpaka uanze kutafuta kipande kimoja kimoja, na pampu isiyo yake itakusumbua mpaka uchukie gari.

Canter_ya_Mama

Habari kaka Mzigo_Njiani, mimi si fundi ila ni mwenye gari na hii kazi nimefanyiwa, kutoka injini isiyo na turbo kwenda 4D34 ya turbo, gari linapiga kazi mpaka sasa na silijutii. Naomba niseme yale ambayo mafundi wanayaruka kwasababu kwao ni madogo.

La kwanza breki. Kwenye hizi Canter pampu ya vakyumu, ile inayofanya breki iwe laini mguuni, iko nyuma ya alteneta, inazunguka pamoja nayo na inapakwa oili ya injini. Sasa ukiletewa injini yenye alteneta nyingine isiyo na ile pampu, au fundi akaweka ya gari ndogo kwasababu inachaji, pedali ya breki inakuwa ngumu kama jiwe. Kwangu walitaka kufanya hivyo nikakataa. Kabla gari halijatoka gereji washa injini, kanyaga breki mara kadhaa, usikie pedali inavyoshuka. Na angalia volti, la kwako ni 24, stata na alteneta lazima viwe vya 24, kuna injini zinatoka kwenye magari ya 12.

La pili kupoza. Nguvu zaidi ni joto zaidi. Rejeta ya zamani iliyojaa uchafu ndani ambayo ilikuwa inajikongoja na injini ya kwanza haitaweza hii. Mimi nilifunga rejeta ya gari la turbo, yenye safu nene zaidi, na kava la feni nikahakikisha limerudi. Watu wanalitupa lile kava wanadhani ni plastiki tu la urembo, bila hilo feni inazungusha hewa ile ile ya moto.

La tatu, kaka, gari kuwa na nguvu halijaongezewa uzito wa kubeba. Chasisi ni ile ile, springi zile zile, breki zile zile. Kupanda utapanda haraka, kushuka utashuka na breki za zamani. Kwahiyo brekishuu, ngoma na silinda za magurudumu zipitiwe zote siku hiyo hiyo injini iko nje, na eksozi breki irudishwe, ikae baada ya turbo kwenye bomba la chini, wasikwambie haihitajiki.

Na namba ya injini kwenye kadi ya gari. Nenda kabadilishe kwenye usajili na uwaambie bima, ukiwa na karatasi ya kununulia injini. Siku ya ajali ndo utajua thamani ya ile karatasi.

Torki_Kwanza

Dada Canter_ya_Mama umeongea vitu vya maana mno, hasa hiyo ya vakyumu, watu wawili wanaweza kufa pale.

Kuhusu difu maana najua swali litakuja. Unaweza kujua reshio yako (propela inazunguka mara ngapi kwa mzunguko mmoja wa ekseli) bila kufungua. Zima gari, weka neutro, kinga magurudumu ya mbele vizuri, nyanyua gurudumu moja tu la nyuma kwa stendi, lizungushe mizunguko miwili kamili huku mwenzako anahesabu propela shafti imezunguka mara ngapi. Hiyo namba ndo reshio. Ukipata kama 5.3 basi ni meno 37 kwa 7, ukienda kwenye 40 kwa 7 ambayo ni 5.714 nguvu ya kuvuta inaongezeka asilimia 8 kwenye kila gia, na spidi ya juu inapungua kiasi hicho. Lakini difu haiongezi farasi hata mmoja, inabadilisha tu mahali unapoitumia ile nguvu. Mi ningesema funga injini kwanza, rudisha tairi za 7.00-16 zilizoandikwa mlangoni zikiisha hizi, uendeshe, halafu ndo uone kama difu bado inahitajika. Kwa turbo sidhani.

Mzigo_Njiani

Nimewaelewa sana, na dada nakushukuru kwa moyo wote. Naona nguvu ya mawazo inaelekea 4D34 ya turbo. Bado mnijibu mawili. 4M50 ya komoni reli kwanini hakuna aliyeigusa? Na nikienda kuangalia injini iliyotumika niangalie nini, maana zimekaa chini haziwashwi?

Fundi_Pampu

4M50 ni injini nzuri mno ikiwa kwenye gari lililozaliwa nayo. Kuileta kwenye gari lako unaleta na kompyuta yake, waya zote kuanzia kwenye dashibodi, pedali ya mafuta ya umeme, sensa zote, na giaboksi pia kwasababu yako ya zamani haikuwekwa kwa torki ile. Halafu dizeli. Komoni reli inasukuma kwa presha ya zaidi ya bar 1000, matundu ya injekta ni madogo mno, tone la maji au vumbi la kwenye madumu linaiua. Pampu yako ya mstari, ya kizamani isiyo na kompyuta, inasamehe, ile haisamehi. Kama huna fundi wa umeme wa gari mwenye mashine ya kusoma kompyuta na wa kumwita usiku ukikwama, achana nayo.

Kuangalia injini ya chini. Kwanza izungushe kwa spana kwenye nati ya puli ya mbele, mizunguko miwili kamili. Inatakiwa ugumu unaokuja na kuondoka mara nne, unaofanana. Mahali ikiteleza bila ugumu kuna silinda haina kompresheni. Ikigoma sehemu moja rudi nyumbani. Vuta kijiti cha oili na ufungue kifuniko, ukiona rangi ya maziwa maji yameingia, ukiona tope jeusi linalonata mwenye gari hakuwa anabadilisha oili na turbo ndo ya kwanza kuumia. Toa bomba la hewa kwenye turbo, shika shafti kwa vidole, isogeze juu na chini kisha ivute na kuisukuma. Kutikisika kidogo sana pembeni ni sawa, ila kwenda mbele na nyuma haitakiwi kusikika kabisa, na mapanga yasiguse ukuta. Chungulia tundu la eksozi, masizi makavu ni mazuri, yenye unyevu wa oili si mazuri. Angalia lakiri ya pampu kama imekatwa, na soma namba iliyogongwa kwenye bloku ufananishe na karatasi, ikiwa imesagwa usinunue hata ukipewa bure.

Kompresheni omba ipimwe hata kwa stata na betri mbili hapo hapo chini, muuzaji mwenye injini nzima hana sababu ya kukataa.

Gereji_Usiku

Mkuu Fundi_Pampu nimekubali kuhusu turbo ya kuongezea, kwa hiyo 17 hata mimi nisingeifunga. Naongezea ya kufunga maana hiyo ndo kazi yangu ya kila siku.

Injini ikiwa nje badilisha sili ya nyuma ya krenkishafti, rilizi beringi (inayosukuma klachi), na ile beringi ndogo ya katikati ya flaiwili, ukiziacha utashusha giaboksi tena baada ya muda mfupi kwa kitu cha kushika mkononi. Klachi iwe ya injini ya turbo, ya 4D32 itashika tambarare ila mlimani itateleza na kuungua. Bomba la kurudisha oili kutoka kwenye turbo lishuke moja kwa moja bila kupinda, liingie juu ya usawa wa oili kwenye sampu, kwasababu linashuka kwa uzito wake tu halisukumwi na kitu. Likipinda oili inajaa kwenye turbo inavuja kupitia sili, mtu anasema turbo imekufa kumbe ni bomba. Bomba la eksozi liwe pana, lipite mbali na mabomba ya breki na waya, na sehemu ya karibu weka bati la kuzuia joto. Hosi za intakula zikazwe klempu za kweli na ndani ziwe safi kabisa, kipande kimoja cha gundi au kitambaa kikinyonywa kinaenda kwenye valvu.

Siku ya kuwasha usiwashe haraka. Jaza oili, 15W-40 ya CI-4 inafaa, mimina kidogo kwenye tundu la oili la turbo, pampu ikiwa imezimwa isipeleke dizeli piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya presha ya oili izime. Ndo utoe hewa kwenye mfumo wa dizeli kwa pampu ya mkono na uwashe. Iache iungurume taratibu, usipige resi, zunguka uangalie kila muungano wa maji na oili. Kabla hujabeba mzigo tembea nayo tupu, kisha nusu, na oili ya kwanza itoke kwenye kilomita 1000.

Torki_Kwanza

Na kabla hujaanza kufurahia nguvu mpya funga geji mbili, ya presha ya turbo na ya joto la eksozi, ile ya joto ikae kwenye manifoldi kabla ya turbo. Madereva wengi wa dizeli wanashika nyuzi 700 kama mstari wa kutovuka kwa muda mrefu. Ukiwa mlimani ukaona inakaribia hapo rudisha gia moja, RPM ipande, hewa iongezeke, utaona sindano inashuka huku spidi inabaki karibu ile ile. Kulazimisha gia kubwa na mguu chini RPM ikiwa 1200 ndo kunakopika injini, hasa kwa dereva aliyezoea isiyo na turbo. Presha ya turbo ikianza kuwa ndogo kuliko ulivyozoea na moshi ukaongezeka, tafuta hosi iliyopasuka kabla ya kulaumu turbo. Na ukifika juu ya mlima mrefu ukataka kusimama, iache iungurume dakika moja mbili kabla ya kuzima ili turbo ipoe na oili isiungue kwenye beringi zake.

Skrubu ya dizeli kwenye pampu iache kama ilivyo. Ukihisi bado haitoshi ipelekwe kwenye mashine ya kupimia pampu, isikazwe kwa kukisia barabarani.

Mzigo_Njiani

Nimenakili yote wakuu. Kesho naenda kuangalia 4D34 yenye intakula, nimemwambia muuzaji nakuja na geji ya kompresheni na betri zangu mbili, amekubali. Nitapima kwanza mauntingi na sampu kwa mkono kama mlivyosema, na fundi wangu nimemtumia ujumbe wa dada kuhusu pampu ya vakyumu ausome kabla hatujagusa kitu. Nozeli mpya na waya wa pedali vimenisaidia kiasi kwahiyo mpaka injini ipatikane napunguza mzigo na nikiona foleni nyuma nasimama pembeni iwapo kuna nafasi, wapite.

Canter_ya_Mama

Vizuri sana kaka. Ukiiona, piga picha ya namba ya bloku na ya ile alteneta kwa nyuma utuwekee hapa kabla hujalipa, nitakwambia kama ina pampu.